Nikitaka kumpiga chenga beki mpira unadondoka, nifanyeje? Jibu kwa mchezaji wa lakrosi wa Mwanza

Swali lilikuja hivi:

"Shikamoo kocha. Niko chuo hapa Mwanza, nimecheza netiboli tangu shule ya msingi, nafasi yangu ilikuwa GA, yaani mshambuliaji. Saivi tumeanza lakrosi, tuko wasichana wanne tu, na stiki tuliachiwa na wageni waliokuja kujitolea. Kudaka na kurusha nikiwa nimesimama naweza. Tatizo nikikimbia nikamkaribia beki nikitaka kumpiga chenga, mpira unadondoka wenyewe au ananigonga stiki. Nifanye mazoezi gani, hasa siku ambazo niko peke yangu? Alafu nina hela kidogo nimeweka, ninunue stiki nzuri zaidi au miwani ya kujikinga?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kueleza vizuri, manake wengi wananiandikia tu "kocha stiki inanisumbua" basi imeisha. Wewe umesema kitu ambacho kwangu ni nusu ya jibu: ukisimama unaweza, ukikimbia kumfuata mtu ndo unapoteza. Hapo mikono yako haina shida kubwa. Shida iko kwenye miguu na macho, stiki unaibebesha lawama za bure.

Angalia netiboli ilivyokulea. Miaka yote hiyo umefundishwa ukidaka unasimama, mguu uliotua kwanza ndo unazungukia hapohapo, una sekunde 3 utoe mpira. Mwili umeishika hiyo sheria mpaka ukilala. Lakrosi, ambayo mpira unadakwa, unabebwa na kurushwa kwa stiki yenye mfuko wa nyuzi kichwani, ni kinyume kabisa, ukidaka ndo safari inaanza. Nimefundisha wasichana wengi waliotokea netiboli, wengine walifika mpaka UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na ukisimama pembeni ukawaangalia karibu wote wanafanya kitu kilekile: anakuja mbio vizuri, akibakiza kama hatua mbili amfikie beki anakata spidi, miguu yote miwili inaganda, magoti yamenyooka, alafu ndo anaanza kufanya chenga kwa mikono. Mikono inahangaika huku na huku na mwili umesimama kama nguzo. Sasa mpira kwenye ule mfuko haujafungwa na kitu, unashikiliwa na mwendo wa mkono wako tu, wewe ukifunga breki ghafla mpira wenyewe haujafunga breki, unaendelea mbele, unakudondokea. Na beki wala hajafanya kazi yoyote hapo, amesimama tu umemletea zawadi.

Ila netiboli imekupa vitu vingi vizuri usivitupe. Unajua kukimbilia nafasi tupu, unajua kudaka juu, na ile kuzunguka kwa mguu mmoja tutaitumia huko mbele.

Kabla ya mazoezi yoyote kagua stiki yenu kwanza, hasa kwa vile ni za kuachiwa. Weka mpira kwenye mfuko, inua stiki ilale usawa wa macho, uiangalie kwa ubavu. Kwa stiki ya wanawake sehemu ya juu ya mpira inatakiwa ionekane imezidi ukingo wa kichwa. Kama mpira umezama wote huuoni, basi ama hiyo ni stiki ya wanaume, wao wanaruhusiwa mfuko wa kina kirefu, ama nyuzi zimelegea, na zikishanyeshewa za ngozi zinalegea sanaaa, kwa hiyo msimu wa masika usiiache nje. Mfuko uliozama unakudanganya, unabembeleza mpira (yaani unauyumbisha ndani ya mfuko ili usitoke) vizuri kabisa alafu ukirusha unaenda chini miguuni, na kwenye mechi refa anaitoa hiyo stiki. Upande wa pili, kama mfuko umekazwa umekuwa kama meza, mpira utaruka hata ungekuwa na mikono ya dhahabu, legeza kidogo zile kamba za chini, cheza nazo, jaribu tena. Urefu pia, stiki ya mwanamke asiye kipa ni kati ya sentimita 90 na 110, ukiwa mfupi chukua iliyo karibu na 90, ncha ya chini haitakugonga kiunoni kila ukibadilisha mkono. Na kamba ikikatika usiitupe stiki. Nenda pale mwaloni Kirumba kwa wanaotengeneza nyavu, mwonyeshe mzee kamba imepita wapi na wapi, ana uzi wa nailoni na ana mafundo ambayo hayafunguki, atakurudishia ukuta wa mfuko ukashangaa.

Sasa kubembeleza mpira. Mkono wa juu unashika mpini karibu na shingo ya kichwa, kwa vidole, sio kwa kiganja kizima. Mkono wa chini unaziba ncha na unakuwa mlegevu, mpini uzunguke ndani yake. Kazi anaifanya mkono wa juu: kifundo kinakunja kuja ndani kinafunguka, kiwiko kinafuata kidogo, na kichwa cha stiki kinatembea kutoka usawa wa sikio kuja usawa wa pua na kurudi. Basi, sio zaidi ya hapo. Naona wengi wanaizungusha stiki nzima mpaka upande wa pili wa kichwa, wanachoka bure na wanamwonyesha beki mpira mara mbili kila hatua. Sikiliza pia, ukibembeleza vizuri mpira unakuwa kimya, ukisikia unagongagonga plastiki ujue kifundo kimekaza na mkono wa chini umebana. Legeza vidole vya chini, utasikia umenyamaza.

Macho ndo kazi ngumu. Mtu anayeangalia mfuko wake hamuoni beki na wala hamuoni mwenzake aliye wazi, na cha ajabu akiangalia ndo unadondoka zaidi kwasababu kichwa kikiinama bega linashuka na stiki inalala. Kwa hiyo fanya hivi, simama ndani ya geti mahali ambapo unaona barabara, kimbia palepale huku unabembeleza, na soma kwa sauti namba za bajaji na daladala zinazopita. Kwa sauti kabisa. Mkono wa kulia dakika kadhaa, kushoto dakika kadhaa. Kama unakaa kule milimani, Bugarika au Mabatini, hata bora zaidi, panda ngazi za mawe unabembeleza, macho hayana namna yataangalia njia, na kila ngazi ina kimo chake kwa hiyo mdundo wa miguu unavurugika na mkono unajifunza kuendelea bila kutegemea miguu. Hilo ndo unalolitaka, mkono uwe na maisha yake ili kichwa kibaki na beki.

Ukuta. Siku ukiwa peke yako ukuta ndo mwenzako, hamna mchezaji wa maana wa lakrosi duniani ambaye hajapiga ukuta. Tafuta ukuta wa tofali uliopigwa plasta, wa darasa au wa godauni, sehemu isiyo na dirisha, na uombe ruhusa kwa mwenye nyumba, mpira wa lakrosi ni raba ngumu ya gramu 140 na kitu, sio mpira wa watoto, ukivunja kioo hata salamu yako haitajibiwa tena mtaani. Miamba yetu hii ya Mwanza inavutia lakini iache kwa sasa, jiwe halina uso ulionyooka, mpira unaenda linakotaka. Utakuja kuutumia mwamba baadaye kwa mazoezi ya kukimbilia mpira wa chini, hapo ndo utamu wake, hujui utaruka wapi.

Simama hatua kama tano toka ukutani. Kurusha ni kusukuma na kuvuta kwa wakati mmoja, mkono wa juu unasukuma mbele, wa chini unavuta ncha kuja kwapani, na kichwa cha stiki kinaishia kuelekea pale unapotaka mpira ufike. Kudaka ni kurudi nyuma pamoja na mpira, kama unavyodaka embe lililorushwa na mtu aliye juu ya mti, ukilikazia mikono linapasuka, ukirudi nalo linatulia. Mpira unaoruka nje ya mfuko wakati wa kudaka asilimia kubwa ni mtu ameusogelea kwa stiki badala ya kuupokea.

Anza na 50 mkono wa kulia, 50 wa kushoto. Alafu 50 daka kulia, hamisha, rusha kushoto, na nyingine kinyume chake. Alafu za mkono mmoja tu, wa juu peke yake, hizi zinauma mkono, fanya 20 kila upande zinatosha kwa kuanzia. Mkono dhaifu mpe mara mbili ya mkono mzuri, sikutanii, kwasababu chenga zote ninazokuja kukuelezea zinakufa kama una mkono mmoja tu, beki mwenye akili dakika tano za kwanza ameshajua unaenda upande gani na anakusubiri hukohuko. Mkishazoea ongeza kitu kimoja ambacho wengi wanakiruka: daka, piga hatua mbili za nguvu kwenda pembeni, ndo urushe. Usirushe ukiwa umesimama. Kila mpira unaodaka miguu iondoke. Hapa ndo tunaing'oa ile netiboli kwenye miguu yako, kimyakimya, mpira mmoja mmoja. Kama hamna ukuta mzuri, mpira wa tenisi unafaa hata kwenye ukuta wa nyumbani, ni mwepesi kwa hiyo unaruka kwenye mfuko kirahisi na unakulazimisha uwe na mikono laini, ila usiuzoee sana, ukirudi kwenye mpira wenyewe uzito utakushtua.

Haya, chenga. Na hapa nitakaa sana kwasababu ndo ulichouliza.

Unakumbuka rede? Wawili wanarusha mpira toka pande mbili, wewe katikati unakwepa. Hakuna mtu aliyekufundisha lakini ulikuwa unajua kushusha kiuno, kukaa kwenye vidole vya miguu, kumdanganya mrushaji kwa bega alafu unatoka upande mwingine. Hiyo ndo chenga ya lakrosi, huna haja ya kwenda mbali. Mkiwa wanne mnaanza mazoezi kwa kucheza rede dakika kumi, na mpira mlaini, bila stiki. Alafu mnacheza rede yule wa katikati akiwa na stiki na mpira anaubembeleza, anakwepa wa rede bila kudondosha wake. Wasichana wangu wanalipenda zoezi hili kuliko yote na mimi naona linafanya kazi kuliko kupanga koni uwanja mzima.

Kitu cha kwanza kwenye chenga ni umbali. Unaianza mapema kuliko unavyodhani, beki akiwa mbele yako kama mita mbili hivi, yaani urefu wa stiki yake na mkono wake. Ukisubiri mpaka umuone kope ameshafika kwenye stiki yako. Wewe unasema anakugonga, mimi nina uhakika unachelewa. Weka chupa ya maji chini ndo beki, weka kandambili mita mbili kabla ya chupa, na sheria ni kwamba ukikanyaga usawa wa kandambili chenga iwe imeshaanza. Rudia mpaka miguu ijue yenyewe.

Cha pili ni spidi, na mabadiliko yake. Usije kwa spidi yako yote, utakuwa huna cha kuongeza. Njoo robo tatu, ukifika kwenye kandambili sita kidogo, shusha kiuno, kichwa juu kama mtu anayetafuta wa kumpasia, bega litulie, beki naye akitulia tu miguu yake ikasawazika, ondoka. Hiyo peke yake ni chenga kamili, haina ufundi wowote wa stiki, na ndo ya kwanza ninayomfundisha mtu. Angalia miguu ya beki, mguu aliotanguliza mbele ndo upande wake dhaifu, pita upande wa huo mguu kwasababu lazima auvute nyuma kwanza ndo aweze kugeuka kukufuata.

Ya pili ni ya kubadilisha mkono. Una mpira kulia, unakanyaga kwa nguvu mguu wa kulia nje, bega na macho vyote vinaenda kulia, beki anahama, wewe unasukuma toka kwenye huo mguu kwenda kushoto na stiki unaileta mbele ya kifua karibu na mwili, mkono wa kushoto unapanda juu wa kulia unashuka kwenye ncha. Sasa sikiliza, mpira wa watu wengi unadondokea hapa kwenye kuhamisha, na sababu ni kwamba wanaivusha stiki ikiwa imelala. Ivushe ikiwa imesimama, kichwa juu, na malizia kwa kubembeleza mara moja kwa nguvu upande mpya, ile bembeleza moja ndo inaurudisha mpira ukae. Fanya polepole mbele ya kioo au dirisha la gari lililosimama, ukitembea, kabla hujakimbia. Mguu, bega, stiki, bembeleza.

Ya tatu unaipitisha stiki mbele ya uso bila kubadilisha mkono. Unajifanya unataka kurusha, beki anainua stiki yake kuzuia, wewe unaivuta stiki inapita mbele ya uso kwenda bega la pili na mguu unapita hukohuko. Fupi, ya haraka, nzuri karibu na goli. Ukishapita irudishe.

Ya kujizungusha niiache mwisho na wewe utaipenda kwasababu ya netiboli. Ni pale beki amekubana kabisa, unapanda mguu wa mbele katikati ya miguu yake au pembeni kidogo, unamgeuzia mgongo, unazunguka, stiki inabaki mbele ya kifua chako upande wa mbali naye. Kosa kubwa ni kuiacha stiki nyuma wakati mwili umeshazunguka, inaning'inia kule alipo, anaigonga bila kutoka jasho. Stiki na kiuno vizunguke pamoja. Na kosa la pili ni kuzunguka bila kujua nyuma yako kuna nani, manake sekunde ile huoni chochote, kwa hiyo itumie mara chache, usiwe mtu wa kuzunguka kila ukiguswa.

Zote nne zina mkia mmoja ambao ndo unawatofautisha wachezaji. Ukishampita, hatua tano zinazofuata ziwe za kasi kuliko zote ulizokimbia siku hiyo, na hatua ya pili au ya tatu urudi kwenye njia yake, yaani umkate, awe mgongoni kwako na sio ubavuni. Wengi wakimpita mtu wanafurahi wanapunguza, beki anarudi anawagonga kwa nyuma, alafu wanasema chenga haikufanya kazi. Ilifanya, hukuimalizia tu. Na chenga moja inatosha, ukishatoka inua kichwa, beki wa pili anakuja kumsaidia mwenzake na hiyo ina maana kuna mwenzako ameachwa peke yake mahali.

Ukipata bando tafuta video za Charlotte North akiwa Boston College, msimu wa 2021 alifunga mabao 102 na wakachukua ubingwa wa vyuo Marekani. Watu wote wanaangalia anavyopiga. Wewe ziba nusu ya juu ya kioo cha simu kwa kidole uangalie miguu tu, ule mguu anaoukanyaga kabla hajatoka, kiuno kilivyo chini.

Sheria nazo uzijue kwasababu zinakulinda na zinakubana. Lakrosi ya wanawake ina historia yake, mchezo wenyewe ni wa mataifa asilia ya Amerika Kaskazini kama Haudenosaunee, wa wanawake ukaanza kuchezwa shuleni St Leonards kule Scotland mwaka 1890, na mpaka leo haturuhusiwi kugongana miili kama wanaume. Beki haruhusiwi kuleta stiki yake kwenye eneo la kichwa chako, kuna kama sentimita 18 kuzunguka kichwa ambazo stiki yake haitakiwi kuingia. Ndo maana tunabembeleza juu karibu na sikio. Lakini na wewe huruhusiwi kuificha stiki imegusana na uso mpaka beki akose njia halali ya kuigonga, refa anakupigia faulo. Na beki akishasimama sawasawa kwenye njia yako ukamvaa, faulo ni yako hata kama umeanguka wewe. Kwa hiyo zile chenga za kuingia kwa bega unazoziona kwenye video za wanaume ziache.

Siku mkiwa wote wanne chora njia ya upana wa mita tano, urefu ishirini. Mmoja ana mpira, mmoja beki, wawili wanapumzika na kuangalia miguu, wanasema walichoona. Raundi za kwanza beki hana stiki, mikono nyuma, anatumia miguu tu. Hii inamfundisha na yeye kukaba vizuri. Raundi za pili ana stiki ila haruhusiwi kugonga, anaonyesha tu. Za tatu ni kweli. Msiruke kwenda za kweli siku ya kwanza, mchezaji anayegongwa kila mara anajifunza kuogopa, anaanza kugeuza mgongo kabla hajafikiwa na hiyo tabia kuitoa ni kazi. Malizeni na watatu kumzunguka mmoja, pasi tatu bila kunyang'anywa. Na msivunjike moyo kwa kuwa wachache, ule mfumo utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028 ni wachezaji 6 tu kila upande, na ng'ambo ya ziwa hapo Uganda walipeleka timu ya wanaume kombe la dunia kule Denver mwaka 2014, Kenya nao wakapeleka wasichana wa chini ya miaka 19 Canada mwaka 2019. Wote walianza na stiki za kugawana.

Sehemu ya kufanyia, asubuhi kabla jua halijakaza, mchana upepo wa ziwa unasumbua pasi za mbali. Mchanga wa ufukweni mzuri kwa mapaja, kwa chenga hapana, mguu unazama na unajifunza kuondoka taratibu, tafuta uwanja mgumu wenye majani mafupi. Na mkifanyia karibu na maji msirushe kuelekea ziwani hata kidogo, mpira wa lakrosi ukiingia majini unazama, hauelei kama wa tenisi, na kuingia kuutafuta kwenye matete ni kutafuta kichocho. Mipira mnayo michache, geuzeni migongo ya wapokeaji ielekee mlimani.

Wiki yako mimi ningeipanga hivi kama uko peke yako siku nyingi: ukuta siku nne, nusu saa inatosha kama hupotezi muda kwenye simu, kandambili na chupa siku mbili za hizohizo baada ya ukuta, kila chenga mara kumi kila upande, alafu siku moja na wenzako. Bajaji zako kila siku, hizo hazihitaji ratiba. Kila Jumapili mwenzako akurekodi ukipiga chenga, simu iwe chini usawa wa magoti nyuma ya beki, uangalie kitu kimoja tu: miguu ilisimama au haikusimama.

Kuhusu hela, nunua miwani. Stiki mliyonayo ikirekebishwa mfuko inakutosha kabisa mwaka huu, na ufundi wa mikono hauji na stiki ya bei. Jicho halina spea. Unapiga ukuta na raba ngumu hatua tano toka usoni, mnafanya chenga na wenzenu wanaojifunza kugonga, na hata kama kwenye mashindano ya kimataifa miwani ni hiari, Marekani kwa wanawake ni lazima na mimi kwenye mazoezi yangu ni lazima. Kinga ya meno pia uwe nayo, hiyo haina hiari popote, na bei yake ni ndogo. Ukichukua miwani chukua ile ya wavu wa chuma iliyotengenezwa kwa lakrosi, sio ya fundi wa kuchomelea, ile inakaa vibaya na ikipigwa inajikunja kuelekea jichoni. Kama hela haitoshi mchangie wanne mpate mbili, anayevaa ni aliye na mpira na anayemkaba, wanaopumzika wakae nje ya mita ishirini.